Smythe wa Ghorofa ya Tatu

"Akina Smith wamejaa duniani kama theluji ya Februari. Lakini Smythe? Hiyo ni tahajia ya kale ya jina la mhunzi, Waingereza wenyewe wameshaiacha. Sweden nzima tuko wawili, mimi na binti yangu."

Bethuel Smythe aliyasema hayo kwenye arusi moja kitongoji cha Farsta, kipaza sauti mkononi, na bwana arusi akisubiri zamu yake.

Bethuel anasafisha mabasi kwenye karakana ya Tumba, hapa Sweden. Jina lilitoka kwa babu wa baba yake, aliyefua viatu vya farasi kwenye shamba la mlowezi karibu na Kitale. Karani alimwandika kwa jina la mwenye shamba, kama mali yake, sawa na toroli na majembe.

Januari, wakila, binti yake Alma aliweka uma chini.

"Pappa, nabadilisha jina. Nataka la yule mzee, alilozaliwa nalo. Aliitwa nani?"

Bethuel akacheka. Kisha akaacha.

"Hulijui?" Alma akauliza.

"Nipe wiki."

"Ijumaa natuma maombi. Ukilikosa, nachukua la mama."

La mama ni Mwamba, na mama mwenyewe aliwaacha miaka tisa iliyopita.

Kitale amebaki mtu mmoja wa kuulizwa, shangazi Truphosa, miaka tisini na mmoja. Alipatikana kwa simu Alhamisi.

"Shangazi, babu mkubwa aliitwa nani kabla ya mzungu?"

"Si ndilo ulilopewa wewe."

"Mimi?"

"Bibi yako alikuita hilo mpaka ukaanza shule. Siku hiyo ulirudi ukagaragara chini, ukasema anayekuita hivyo humwitikii, wewe ni Smaithi. Ukasusa chakula siku mbili. Tukaliacha, baba."

"Liseme sasa. Nitaitika."

Upande wa pili shangazi alifukuza kuku kwanza.

"Mimi limenitoka," shangazi akasema. "Nilidhani unalo."

Asubuhi yake, ndani ya basi tupu, ufagio mkononi, Bethuel alijiita kwa sauti majina ya kwao Kitale: Wafula. Wanyonyi. Simiyu. Alingoja moja limgeuze shingo. Alimaliza mabasi sita. Saa nane Alma akatuma maombi: Mwamba.

Katika jengo letu hapa, kila mlangoni lazima yaandikwe majina ya wote wanaoishi ndani, barua zisipotee. Kibao chenye majina mawili ni kroni mia mbili na arobaini.