Miche Iliyotazama Mlango

Mtaani walimwita Bibi Viriba, maana hakukosa kwenye kucha udongo wa viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche. Kazi yake ilikuwa kuotesha mimea ya dawa iliyokaribia kutoweka, katika kitalu cha kituo kimoja cha utafiti. "Nina watoto mia tatu," alipenda kutania, "na hakuna hata mmoja anayenijibu jeuri."

Mwaka ule alikuwa na vipandikizi kumi na kimoja vya mti mmoja wa magome machungu. Alivikata kwenye mti mama wa mwisho uliojulikana, wiki moja kabla watu hawajauchuna magome kuanzia chini hadi matawini. Mti ukakauka wima.

Vipandikizi vikashika mizizi, vikawa miche. Lakini dirisha lilikuwa mashariki, na miche yote ikainama magharibi, kuelekea mlango uliofungwa. Akaigeuza. Kufika adhuhuri, imerudi.

"Labda inasubiri mgeni," msimamizi wake akacheka.

Alhamisi moja, saa tisa mchana, mgeni akaja: shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, anakohoa kifua kizima.

"Shemeji, nisaidie hata majani mawili ya dawa ya kifua."

Shemeji akapita kati ya meza za miche. Majani yakageuka taratibu, kama watu wanaomfuata mtu kwa macho. Upepo haukuwapo. Akarudi nyuma hatua mbili, yakarudi naye.

"Umeona?" akanong'ona.

"Nimeona," Bibi Viriba akasema. "Ni wewe uliyeuchuna mti mama?"

Shemeji akakaa sakafuni. "Tulikuwa watatu. Wenzangu wote nimeshawazika."

Bibi Viriba angemfukuza, ila sura ile ilikuwa ya marehemu mumewe mtupu. Akamsukumia ndoo. "Mwagilia."

Akamwagilia siku ile, na kila siku kwa miaka miwili. Kikohozi hakikupona wala hakikuzidi. Miche ilipofika kiunoni, wakaipeleka msituni, karibu na mti mama uliokauka. Shemeji aliipanda yote kwa mkono wake. Alipoushindilia udongo wa mche wa mwisho, kikohozi kikakatika.

Bibi Viriba alipogeuka kumwita waondoke, alimkuta ameweka sikio kwenye shina lililokufa, anaitikia: "Ndiyo. Ndiyo. Nitakaa."

Akakaa kweli. Anaishi kwenye kibanda pembezoni mwa msitu, na miche yote imeshika. Kila mwisho wa mwezi Bibi Viriba humpelekea unga na sabuni, huviacha mlangoni. Wakisalimiana hawapeani mikono. Ngozi ya viganja vya shemeji imekuwa ngumu kama gome, ina nyufa ndefu, na hataki mtu aiguse.