Shairi Lililokuja na Lori la Samaki

Juzi nilikuwa sokoni hapa Isiolo na Darmi wangu wa miaka sita, tukapita kwa mama mmoja anayeuza samaki wakavu. Darmi akashika pua. "Mama, hapa kunanuka," akasema, na soko zima likasikia. Nilimvuta mkono kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Mtoto hakuwa na kosa. Ilikuwa ile harufu: chumvi, moshi, na kitu kama gunia lililoloa likaanikwa juani. Kwa wazee wetu Waborana samaki hakuwa chakula, alikuwa kitu cha kuchekea. Lakini nikiwa na miaka kumi nilikuwa naikimbilia harufu hiyo kama watoto wengine wanavyokimbilia mandazi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inaniletea baba.

Wacha niwaeleze.

Baba yangu, Dida, alikuwa mtunzi. Hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa anakaa nje ya nyumba yetu Kiwanjani, mswaki mdomoni, midomo inacheza, macho hayaoni mtu. Ukimwita haitiki. "Muacheni, anachunga," mama alikuwa akisema, na hapo ng'ombe halisi tulikuwa tumebaki na watatu.

Kwenye harusi moja baba akaimba juu ya Haji Galgalo. Haji alikuwa mjomba wa mama, tajiri wa mifugo, na kiangazi cha mwaka huo alikuwa amenunua ng'ombe wa majirani kwa bei ya ngozi. Baba hakumtukana. Aliimba tu kwamba ukipita kwa zizi la Haji jioni utasikia kila ng'ombe akilia kivyake, kila mmoja anamwita mwenyewe wa zamani kwa jina. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Wiki iliyofuata watoto wa Kiwanjani walikuwa wanaenda shule wakilia kama ng'ombe na kuita majina ya majirani. Mimi nilikuwa mbele yao.

Wazee wakakaa. Wakasema kosa limefanywa kwa shairi, basi na msamaha uombwe kwa shairi, na mpaka Haji akubali, Dida asikanyage mji huu. Nadhani walitarajia mambo yaishe kwa siku tatu. Hawakumjua baba. Alipanda lori akaenda mpaka Ziwa Turkana, akapata kibarua cha kupakia samaki, kati ya watu ambao hakujua lugha yao, kwenye upepo usiopumzika. Mtu aliyekulia maziwa, akaenda kulala juu ya magunia ya samaki.

Mtandao wa simu ulikuwa bado haujafika huko. Tulikuwa na Mutwiri, dereva Mmeru aliyebeba samaki kutoka ziwani kwenda kwao na kupita Isiolo kila wiki mbili. Baba alikuwa anamfundisha shairi mstari kwa mstari, na Mutwiri, asiyejua Kiborana hata cha kuombea maji, alikuwa analisema njia nzima lisimtoke. Akifika anazima injini, anafunga macho, na maneno ya baba yangu yanatoka kwa mwanaume mnene mwenye kofia ya sufu.

"Leo nimesema nini?" alikuwa ananiuliza.

"Umesema upepo umekula mashavu yako."

"Mashavu yangu yako sawa kabisa."

"Ya baba."

"Basi pole."

Siku nyingine alisema, bila kujua, kwamba anaogopa asubuhi moja ataamka aone samaki ni mtamu, na hapo ndipo atakuwa amepotea kabisa. Nilishika kila kitu. Mama hakutoka nje hata siku moja kusikiliza. Alibaki ndani akipuliza moto ambao tayari ulikuwa unawaka.

Shuleni nilikuwa na Mwalimu Karimi, mama wa Kimeru asiyecheka ovyo. Aliniuliza mbona ninanuka samaki, nami nikamwambia yote. Akaniketisha, akanisimulia juu ya mshairi mmoja wa Roma ya kale. Alikuwa anapendwa na mji mzima kwa mashairi yake ya utundu, akamkasirisha mfalme, kwa shairi na kwa kosa jingine ambalo hakuwahi kulieleza. Akafukuzwa mpaka mwisho wa dunia yao, kando ya bahari yenye baridi, kwa watu wasiojua lugha yake. Huko aliandika barua za kishairi, moja baada ya nyingine, akiomba arudishwe nyumbani.

"Akarudi?"

"Hapana. Alizikwa huko. Lakini mashairi yake yalirudi, na mpaka leo watu wanayasoma."

"Mashairi hayafungui mlango," nikamwambia. Mwalimu akanitazama, akasema niende nikaoge.

Nilikasirika njia nzima. Mtu mzima, kubembeleza miaka yote hiyo, na asirudi! Kichwani mwangu jambo likawa wazi kabisa: kuomba hakusaidii, kunakuaibisha tu.

Ndipo shairi la Haji likaja. Mama alikuwa ameenda Kinna kwa dada yake aliyejifungua, mimi nikabaki na jirani. Mutwiri akazima injini, akafuta jasho. "Hili ni la yule mzee. Baba yako anataka uliseme wewe. Anasema hakuna mtu hukasirikia mtoto."

Lilikuwa na mistari ishirini. Kumi na minane ya kwanza ilikuwa inatembea kama fahali: pembe, nundu, vumbi, malisho baada ya mvua. Mistari miwili ya mwisho ilikuwa ya kuomba. Nilipoisikia masikio yalinichoma. Baba yangu, aliyewachekesha watu wote wale, amepiga magoti mdomoni mwa dereva wa samaki.

Ijumaa baada ya swala wazee walikaa kwenye baraza la Haji Galgalo huko Wabera. Nilisimama katikati na leso yangu safi, nikasema ile mistari kumi na minane, sauti ikapanda, wazee wawili wakatikisa kichwa kwa utamu. Nikafika mwisho wa fahali, nikafunga mdomo.

Haji akangoja. Aling'ata ndevu, akangoja tena. Nakumbuka alikuwa ameinama mbele kidogo, kama mtu anayetaka kusikia.

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Amesifu ng'ombe vizuri sana," Haji akasema. "Mimi hajanikumbuka." Akachukua fimbo yake, akaingia ndani.

Nilirudi nyumbani nikijiona shujaa. Ndiyo, shujaa. Nilikuwa nimemlinda baba yangu.

Mutwiri alipopita tena wazee wakampa jibu: Haji amekataa. Tangu hapo harufu ya samaki ilikuwa inakuja na hakuna shairi. Mutwiri alikuwa anafungua mikono tu. "Hajaniambia kitu, mtoto wangu. Anapakia samaki, ananyamaza." Mvua za mwaka uliofuata ndizo zilileta habari kwamba baba ameugua homa na amezikwa kulekule kando ya ziwa. Alikufa akijua ameomba na amekataliwa. Haji naye alikufa baadaye bila kujua kwamba aliwahi kuombwa.

Nikiwa sekondari nilikuta habari za yule Mroma kwenye kitabu kikubwa kilichopasuka mgongo. Ilikuwa nusu ukurasa. Amri ya mfalme ya kumfukuza hakuna aliyeitunza. Barua zile za kubembeleza, watu walizinakili kwa mkono, vizazi na vizazi, hata baada ya Roma yenyewe kuanguka. Nilisoma hapo mara nyingi. Hakuna mtu aliyeona ni vizuri kukata sehemu ya kuomba.

Sasa mimi ni mama. Nimebembeleza watu nisiowaheshimu ili Darmi apate dawa, apate nafasi ya shule, na nitarudi kuwabembeleza kesho. Sikupungua hata kidole. Kwa hivyo nawakasirikia wale wazee waliomfukuza mtu kwa wimbo wa kweli, na nakikasirikia kile kitoto chenye leso safi zaidi yao wote.

Nilimwambia mama nilichokata mwaka niliomzaa Darmi. Nilimkariria mistari yote ishirini. Alikuwa amempakata mtoto. Nikangoja anilaani.

"Kwa hivyo aliomba kurudi," akasema.

Ni hilo tu. Kwa aliyosikia ya baraza lile, miaka yote hiyo aliamini kwamba mumewe alipenda kiburi chake kuliko nyumba yake. Alimgeuza mtoto upande wa pili, akajifuta uso kwa ukingo wa leso, kisha akasema, "Rudia ile ya mwisho." Nikarudia. Akataka tena.

Juzi nilinunua wale samaki. Nikawapika, Darmi akala akilalamika. Tulipomaliza nilimkalisha na kumfundisha shairi la babu yake, kama Mutwiri alivyofundishwa, mstari kwa mstari. Linamalizika hivi, nikilileta kwa Kiswahili:

Haji, kamba ya ndama umeifunga wewe,
anayelia ni mimi. Nifungulie nirudi kwa mama.

Darmi akaniuliza kama ndama anaona aibu kulia.

"Haoni," nikamwambia. "Sema tena, na usiache neno."