Chapati ya waru kutoka Norway

Leo chapati ya wazungu imeniliza.

Nimetoka kazini, nikapitia supamaketi hapa Al Sadd, Doha, nikaona pakiti ya mkate wa viazi wa Norway. Ni bapa, laini, unakunjika. Nikasema hiyo ni chapati tu, imepotea njia.

Pakiti inasema upake siagi na sukari, ule baridi. Chapati baridi na sukari, jameni? Nikafika nyumbani, nikaweka kikaango, nikamwaga mafuta.

Ile harufu.

Mama alikuwa anaponda waru, yaani viazi, kwa unga ndio chapati zitutoshe. Mimi nilikuwa naona aibu kuzibeba shule. Alizikwa mwezi wa tatu, nikitazama kwa simu nikiwa huku.

Nimekula mbili nikiwa nimesimama. Nakato, Mganda ninayeishi naye, akaingia akaangalia meza.

"Dada, hii umefunika na sahani ni ya nani?"

Sikujua kama nimeifunika ile ya tatu. Hivyo ndivyo Mama alikuwa ananiwekea yangu nikichelewa kufika nyumbani.

Bado iko mezani. Ungekuwa wewe, ungemjibu aje?