Nilivyoongeza Sauti Posani

Jamani, aibu hii nimeificha miaka na miaka, hata leo nikiisimulia natazama pembeni, kwa hiyo mkicheka chekeni taratibu.

Miaka ile ya sabini nilikuwa mlipua baruti kwenye reli ya kwenda Zambia, nikapasua miamba mpaka masikio yakaharibika, nikarudi nyumbani Ilomba nikiwa mtu wa kujibu "ndiyo" hata nikiulizwa jina. Mke wangu akachoka, akanipeleka hospitali Mbeya mjini, tukamkuta daktari wa masikio, kijana wa Kinyakyusa aliyetoka kusoma ng'ambo, umri wa mwanangu wa pili (na maringo ya kutosha wanaume watatu). Nilitegemea aniulize kama nasikia. Wapi! Akanichomeka kizibo sikioni, akapiga milio, macho yote kwenye mshale wa mashine.

Akaniandikia kwenye karatasi: "Mzee, usijibu kitu. Ndani ya sikio kuna kamsuli kadogo, sauti ikiwa kubwa sana kanajikaza kenyewe. Mashine inakaona."

Kisha akanivalisha chombo cha kusikilizia, kisanduku mfukoni na waya mpaka sikioni, akachora alama nyekundu kwenye kitufe cha sauti.

"Usipite hapa, mzee. Hapa ndipo kamsuli kanapoanza kujikaza."

Nikamdharau. Yaani mimi mwenye sikio nisiulizwe, kaulizwe kanyama?

Wiki iliyofuata nikawa mshenga. Asajile, mtoto wa marehemu kaka yangu, alimpenda binti wa Iringa aitwaye Anjela, na posa yote ilikuwa mdomoni mwangu. Tukaketi sebuleni kwa baba wa binti, Mzee Mhongole, Mhehe mrefu asiyecheka, naye akawa anaongea chinichini kama anayeungama, nikasema niongeze kidogo tu, nikaivuka alama, nikaona haitoshi, nikaongeza tena.

Chombo kikaanza kupiga mluzi. Mimi siusikii (sauti nyembamba ndizo zilizonipotea kwanza), naona tu watu wanatazama darini, shangazi mmoja anakimbilia jikoni kuangalia birika, nikawaza, watu gani hawa wasiojua kukaa na mgeni? Na nikasema!

"Mzee Mhongole, kwetu Mbeya mgeni akiongea, watu hutulia."

Aliyekuwa anaongea ni yeye.

Palepale shangazi akaangusha sufuria. Kwa wengine sufuria, kwangu baruti. Niliruka, kikombe changu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, kikamwagikia koti la mzee, na mdomo wangu ukatoa, "Mshenzi mkubwa wewe!" Nilikuwa naitukana sufuria, ila macho yangu yalikuwa usoni kwa mzee.

Asajile akainamisha kichwa mpaka nikaona kisogo chake. Mzee akasimama huku akichuruzika ulanzi.

"Tokeni," akasema. "Posa imekwisha."

Anjela alikuwa ameingia na kitambaa cha kumfutia baba yake. Badala ya kumfuta, akainama mbele yangu, akasikiliza mfuko wa shati langu, akarudisha kitufe nyuma.

"Baba, kelele ilikuwa inatoka humu," akasema. "Kimefunguliwa kupita kiasi. Kimemuumiza, ndiyo maana akapiga kelele."

Nilisikia kila neno, bila maumivu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Mzee akakiinamia kile kitufe. "Alama hii kaweka nani?"

"Daktari."

"Na kaivuka nani?"

"Mimi, mzee."

"Binti yangu ataolewa," akasema. "Lakini nileteeni mshenga mwenye akili."

Waliopendana wakaoana. Mimi ushenga nimeuacha, na kitufe kile nikikigusa tena mnikate kidole. Nafasi yangu akapewa shemeji yangu, mtu ambaye hajawahi kumaliza sentensi aliyoianza, akahutubia harusini mpaka wali ukapoa, nami nimekaa nyuma kabisa karibu na jikoni, nasikia upuuzi wake wote, neno kwa neno, na sina haki hata ya kuguna.