Udi Ndani ya Chumba cha Panya

Mahfudha alitoka kwao Mkunazini, Unguja, na udi wake, na hata Dubai hakuuacha. Ijumaa moja ya mwaka 2016 kulikuwa na harusi ya binti wa shoga yake huko Muraqqabat, akafukiza nywele mpaka moshi ukamkolea. Asubuhi yake akaoga, akapanda basi la kampuni kwenda Al Quoz, kwenye maabara alikokuwa akitunza panya. Nywele hakuziosha. Ameshasukwa, aharibu ya nini?

Panya wale hawakuwa wa mchezo. Dakta Rumaisa, mtu wa Mombasa, alikuwa akichunguza msuli unavyoumbwa pamoja na kano, ule uzi mgumu unaoufunga msuli kwenye mfupa. Jeni ipi inaamka kwanza? Protini ipi inafuata? Kwenye kizazi hiki alikuwa ameizima jeni moja ya kano, na majike karibu wote wakaharibu mimba. Mmoja tu ndiye aliyejifungua, alfajiri ileile. Watoto saba, wekundu, kila mmoja kama punje ya maharage.

Kasian, mwenzake wa zamu, alimlaki mlangoni.

"Dada, leo unanukia kama bibi harusi! Panya watakuposa."

"Nyamaza nawe. Nshavaa koti lao hili, nani atanusa?"

Alifunua kizimba atie maji. Yule mama akasimama kwa miguu ya nyuma, pua ikimcheza, akakimbia huku na huku. Kisha akambeba mtoto mmoja. Mahfudha akadhani anamhamisha. Kumbe anamtafuna.

"Kasian! Anawala wanawe!"

Kasian akatoka mbio kumwita Dakta. Aliyetangulia kufika ni Khelef, msimamizi, akatazama kizimba, uso ukambadilika. Watatu walikuwa wameshaliwa.

"Nani kabadilisha maranda wanayolalia jana?"

"Mimi, bosi," Kasian akajibu, amerudi akihema.

"Basi wewe ndiye uliyemtibua. Niliwaambia, kosa moja tu, khalas, viza inafutwa!"

 Mahfudha akamwangalia Kasian. Akamkumbuka mwanawe Tufaha, aliyekuwa kidato cha nne kwa mshahara huuhuu. Harufu yake mwenyewe ikampanda puani kutoka chini ya kofia.

"Si maranda," akasema. "Ni mie. Nina udi kichwani, harufu ngeni ndiyo iliyomtisha."

Dakta Rumaisa aliingia akayasikia hayo. Akamsogelea, akanusa, akafumba macho.

"Toka nje, Mahfudha. Tafadhali."

Akatoka. Kupitia kioo cha mlango alimwona Dakta akiwasugua wale wanne kwa maranda ya jike wa kundi lingine, asiyezimwa jeni, aliyezaa, ili awadhanie wake. 

Jua lilikuwa limeshakuwa kali Kasian alipomfuata uani.

"Mama mpya kawapokea. Wananyonya wote."

"Alhamdulillahi. Na mie?"

Kasian akaangalia chini. "Khelef yuko kwenye simu na kafeel, mdhamini wa viza zetu. Dakta amesimama naye, anakuombea usifukuzwe."

Mahfudha akasogea kwenye kivuli cha ukuta, akangoja kuitwa.