Baridi Isiyotoka kwa Mashine
Fundi Barafu alizeekea kwenye viyoyozi vya magari, na hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Siku moja mjane alimletea gari la marehemu mumewe.

"Kaka, itoe kabisa kompresa, ile inayosukuma baridi."

"Utaiva humo kama mkate, dada."

"Itoe tu. Kuna jambo nataka kulijua."

Akaitoa gesi yote, akaifungua kompresa, akafunga mkanda mfupi wa injini usiopitia pale ilipokuwa. Walipolijaribu gari kwenye jua kali, baridi ikawapuliza shingoni kutoka kiti cha nyuma, ambako hakukuwa na mtu. Mjane akapandisha vioo taratibu, uso umemtulia.

"Basi baridi niliyoisikia humu tangu afe haikuwa ya mashine," alisema.

Tangu hapo fundi hajaribu gari la mtu ila vioo viwe wazi.