Maji ya Kupe Kwenye Lenga-lenga

Nakumbuka siku ambayo natamani ningeisahau, mwanangu. Nakuambia kwa sababu jana nilikuona ukinyunyizia sumu mbao za kitalu chako cha mboga.

Tulikaa Burungu, enzi za Wabelgiji. Mvua ilikuwa ikitukombea udongo wote mlimani, kwa hiyo shangazi yangu, mjane aliyerudi kutoka Walikale, alitufundisha kuzungushia vitalu mbao. Mchwa wakaziandama. Kinga yake ilikuwa kazi tupu: ubandue magome, uchome mbao polepole mpaka ngozi ya ubao iwe nyeusi, uziweke juu ya mawe, na kila juma ubomoe vijia vya udongo ambavyo mchwa wanapandia. Mimi nilikuwa kijana mvivu, tena mjuaji. Nilichunga ng'ombe wa mzungu mmoja, na niliona jinsi kupe walivyokufa kwenye maji ya sumu ya shimo la kuogeshea ng'ombe. Nikaiba debe moja la maji yale, nikamwagia mbao za kitalu changu. Mengine yalirukia lenga-lenga, mchicha wetu, uliomea humo.

Kesho yake Mama alichuma majani yake machache akampikia mdogo wangu Furaha, sisi wengine tukiwa shambani. Tuliporudi tulimkuta anatapika. Jua halijatua, akafa. Watu walisema amelogwa. Mimi nilijua, mwanangu, nikanyamaza kwa woga.

Matanga yakajaa watu. Jirani yetu mmoja, mama mwenye huruma, akaingia na kikapu kimejaa lenga-lenga.

"Tuwapikie wageni hizi, hizi njo ziko karibu," akasema.

Zilitoka kwenye kitalu changu. Nikamshika jirani mkono. "Mama, usipike. Iko sumu ya kupe ndani. Ni mimi niliweka."

Jirani akakitua kikapu chini. Kisha Shangazi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kuchoma mbao njo kulikushinda?"

Mama aliishi miaka mingi baada ya pale, lakini hakula tena mboga niliyolima mimi.

Basi choma mbao zako, mwanangu, uzikague kila juma, na ubao ulioliwa uubadilishe. Sumu usiilete panapoota chakula. Na ukikosea, sema saa ileile, usingoje kikapu kifike jikoni. Mungu akupe mikono yenye subira, na mama yako ale kwako bila kuuliza.